Mgodi Ulipofungwa: Mshairi wa Kasese na Bwera katika Uchumi Ulioanguka, 1972–1987

Historia ya uchumi wa Kasese huandikwa kwa tani. Tunafundishwa kwamba reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, kwamba mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka huohuo, na kwamba hadi ulipofungwa mwaka 1982 ulikuwa umezalisha shaba ipatayo tani 270,000. Tarakimu hizi zina kazi yake, ila hazimtaji mtu aliyealikwa kuimba harusini kwa mchimbaji siku ambayo mshahara haukulipwa. Makala hii inamchunguza mtu huyo, yaani mshairi wa kienyeji, kati ya mwaka 1972 na 1987. Hoja yangu ni kwamba kuanguka kwa uchumi kulibadili mambo matatu katika maisha yake: nani alimlipa, alilipwa kitu gani, na maneno gani aliweza kuyatamka hadharani bila kujiletea hatari.

Kwanza tueleze mshairi wa kienyeji ni nani. Miongoni mwa Wakonzo wa milima ya Rwenzori, shairi huishi katika wimbo. Kiongozi hutoa ubeti, kundi huitikia. Ala zao ni pamoja na eluma, filimbi ambazo kila mpigaji hutoa sauti yake moja mpaka wimbo ukamilike, na endara, marimba makubwa ambayo mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Nafasi za kuimba ni ndoa, misiba na sherehe za ukoo. Kazi hii haikuwa ajira. Mtunzi alikuwa mkulima wa kahawa na muhogo, au mwalimu, au kibarua wa mgodi, na jioni ndipo watu walipomwita mshairi. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua hali ya mshairi hana budi kuanza na hali ya shamba lake na ya jirani zake.

Katika miaka ya 1960 jirani hao walikuwa na fedha. Shaba ilikuwa bidhaa ya tatu ya Uganda katika mauzo ya nje, baada ya kahawa na pamba. Ilisafirishwa kwa treni hadi Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kilembe kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali ya mgodi, na maelfu ya watu walipokea mshahara mwisho wa mwezi. Mshahara huo haukuishia mfukoni mwa mchimbaji. Ulinunua ndizi za mkulima wa mlimani, ukalipa mahari, ukagharimia pombe na nyama ya sherehe, na penye sherehe ndipo penye mshairi. Alisimama mwishoni kabisa mwa mnyororo ulioanzia ndani ya mwamba wa shaba. Mnyororo ulipokatika mwanzoni, yeye ndiye aliyekuwa mbali zaidi na msaada wowote.

Mnyororo huo haukukatika siku moja. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na maduka yakapewa watu ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu wa biashara. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vikawa bidhaa adimu. Bei ya shaba katika soko la dunia ilianguka katika mwaka 1974, na vipuri vya mitambo vikahitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Inafaa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuzingatie jambo moja hapa. Maneno ambayo Waganda wa makabila yote walitumia kuueleza msiba huu yalikuwa ya Kiswahili: biashara ya kukwepa sheria iliitwa magendo, na tajiri mpya aliyenufaika nayo aliitwa mafutamingi. Lugha ambayo wengi waliihusisha na askari wa vizuizini ndiyo iliyotoa majina ya shida za wote.

Badiliko la kwanza, basi, lilikuwa la mlipaji. Mchimbaji aliyekuwa akiandaa sherehe kwa mshahara alishindwa, na mwenye uwezo wa kuandaa sherehe kubwa akawa mara nyingi mtu wa magendo. Hapo desturi na sheria ziligongana. Mwimbaji hutarajiwa kumsifu mwenye shughuli kwa jina, ukoo na ukarimu wake. Lakini mwaka 1975 serikali ya Amin ilitoa amri ya kuanzisha mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi, na adhabu zake zilifika hadi kifo. Kumtaja mtu hadharani kwamba amegawa sukari au sabuni kwa wingi kuliweza kumfikisha mbele ya askari. Mshairi alipaswa kupima kila sifa: akiisema, anaweza kumponza mfadhili, akiinyamazia, anaweza kukosa chakula cha wanawe. Fumbo, ambalo darasani tunalisoma kama pambo la lugha, kwake lilikuwa kinga.

Badiliko la pili lilihusu malipo yenyewe. Mwaka 1981 serikali ya Obote iliiacha shilingi ijitafutie thamani yake, nayo ikashuka kutoka takriban shilingi 8 hadi zaidi ya 70 kwa dola moja ya Marekani. Mwezi Mei 1987 serikali ya Museveni ilibadili noti: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, kisha asilimia 30 ikakatwa. Mwimbaji aliyekuwa ameficha shilingi 10,000 ndani ya kibuyu alirudi nyumbani na shilingi 70. Aliyelipwa maharage, chumvi ya Katwe au mbuzi hakukatwa kitu. Kwa hiyo tusiharakishe kudhani kwamba malipo ya bidhaa yalikuwa ni kurudi katika ushamba. Ilikuwa hesabu ya mtu aliyekwisha kuona kwamba noti ya Jumamosi haifiki Jumatano na thamani ileile.

Badiliko la tatu linaonekana vizuri zaidi Bwera. Kutoka hapo hadi mpaka wa Mpondwe ni mwendo mfupi, na ng’ambo ni Kasindi, iliyokuwa Zaire wakati huo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Beni na Butembo husikilizana kwa lugha. Mpaka wa kikoloni ulipita katikati ya watu wa jamii moja. Bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, kahawa ya miteremko ya Rwenzori ilivuka mpaka kwa njia za miguu, maana bei iliyolipwa na serikali ya Uganda ilikuwa ndogo mno. Zaire nayo ilikuwa imejiumiza kwa kutaifisha biashara za wageni mwaka 1973. Hivyo Bwera iliishi katikati ya nchi mbili zilizodhoofika, na soko lake likachangamka wakati mji wa mgodi unafifia. Mshairi wa Bwera alikuwa na hadhira pande zote mbili. Sokoni, biashara ilifanywa kwa Kiswahili. Jambo la siri lilihitaji Kilhukonzo, kwa kuwa askari aliyetoka mbali hakukielewa. Kuchagua lugha kulikuwa kuchagua nani asikie.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini washairi hawa hawakuandika? Jibu lina sehemu mbili. Shule na kanisa katika eneo hili zilitumia Kitoro kwa miaka mingi, jambo lililokuwa miongoni mwa malalamiko ya vuguvugu la Rwenzururu lililoongozwa na mwalimu Isaya Mukirane tangu mwaka 1962. Pili, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo ikafa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikichapisha vitabu katika lugha za wenyeji. Kilichobaki ni sauti. Endara hukatwa msituni na kulazwa juu ya migomba. Haikuhitaji fedha za kigeni. Redio ilihitaji betri, na gitaa lilihitaji nyuzi za dukani. Uhaba uliwanyamazisha wenye gitaa kabla ya wenye endara.

Mwaka 1982 mambo matatu yalikutana. Mgodi ulifungwa. Mwezi Agosti, Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, alikubaliana na serikali na kushuka mlimani. Na jarida la Africa lilichapisha makala ya Peter Cooke na Martin Doornbos kuhusu nyimbo za upinzani za Rwenzururu, baada ya Kirsten Alnaes kuandika juu ya nyimbo za uasi huo mwaka 1969. Kazi hizo ni hazina kubwa. Hata hivyo, kilichowavuta watafiti hao ni uasi. Wimbo wa vita ulipata nafasi maktabani. Wimbo wa bei ya sabuni ulibaki kwa waliouimba, na hao sasa ni wazee.

Mwaka 2013 Kilembe ilikabidhiwa kwa wawekezaji kutoka China, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa. Kila mgodi unapotajwa tena, wataalamu huhesabu shaba iliyobaki chini ya ardhi. Nasi tuna hesabu yetu ya kufanya. Wanafunzi wanaotoka Kasese na Bwera wanaweza kuanza likizo hii kwa kuwauliza wazee walioimba maswali manne: nani alikuita, ulilipwa nini, neno gani uliliacha, na kwa nini. Majibu yaandikwe kwa Kilhukonzo kwanza, kisha yafasiriwe kwa Kiswahili. Hapo ndipo historia ya uchumi wa Kasese itakapopata upande wa pili wa daftari lake.