Faustin Linyekula

Faustin Linyekula (amezaliwa Ubundu, Kongo, 1974) ni mtunzi wa dansi na maigizo aliyekulia Kisangani. Mwaka 1997 alishiriki kuanzisha kundi la dansi la Gàara jijini Nairobi. Mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako huko Kinshasa, kisha akazihamishia Kisangani.

Kazi yake yenye uzito zaidi ni Dinozord (2006), inayomwomboleza rafiki yake Kabako, aliyefariki kwa tauni. Ndani yake mna maandishi ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa gerezani Kinshasa. Vumilia alitoroka, akapata hifadhi Sweden, na onyesho lilipofufuliwa alipanda jukwaani mwenyewe, akayasema maneno yake kwa sauti yake. Mwaka 2007 Linyekula alipata Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi.