Ukazaji wa konea nyembamba

Ukazaji wa konea ni tiba ya keratokonusi, ugonjwa wa ujanani unaoifanya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, iwe nyembamba na kuchongoka hadi miwani isifae tena. Tiba hii ilibuniwa Dresden, Ujerumani. Watafiti Wollensak, Spoerl na Seiler walichapisha matokeo ya wagonjwa mwaka 2003. Utando wa juu hukwanguliwa, konea hudondoshewa riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha humulikwa miale ya urujuanimno kwa dakika 30. Nyuzi za kolajeni hushikana. Ugonjwa husimama, lakini uoni uliopotea haurudi wote.

Ugumu uko kwenye konea nyembamba. Ya kawaida ina mikromita 540 hivi. Kanuni ya Dresden hudai angalau 400 baada ya kukwangua, la sivyo miale huua seli za tabaka la ndani, ambazo hazizaliwi upya. Mwaka 2009 mtafiti Farhad Hafezi na wenzake walionyesha kuwa riboflavini iliyozimuliwa huivimbisha konea kwa muda. Njia yao ya baadaye, Sub400, ina mantiki zaidi: muda wa miale hupangwa kwa unene wa jicho lenyewe.

Afrika ya Mashariki na ya Kati, watoto wengi huugua mzio wa macho unaowasha, na kufikicha huchochea keratokonusi. Kwa mtoto wa Bendera, kaskazini ya Kalemie katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mbali na hospitali kubwa za macho, mzio utibiwe mapema na macho yasifikichwe.