Etiketi ya senti 5: nani analipa inapotupwa?

Etiketi si kitu kigeni hapa Mashariki. Tangu miaka ya 2010, mifuko ya koltani na kasiteriti inafungwa etiketi ya plastiki yenye namba, ili mnunuzi ajue imetoka mgodi gani. Leo tuangalie ndugu yake: etiketi ya elektroniki, ile inayobandikwa kwenye nguo na makartoni ya maduka makubwa ya Ulaya na Marekani.

Mzizi wake ni redio. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, ndege za Uingereza zilibeba chombo cha kujibu rada, ili zisipigwe na askari wa kwao. Mwaka 1973, Mmarekani Mario Cardullo alipewa hati ya uvumbuzi kwa etiketi yenye kumbukumbu, inayojibu mawimbi ya redio. Lakini kwa miaka mingi etiketi za namna hiyo zilibaki ghali.

Mwaka 1999, kituo cha Auto-ID kilianzishwa katika chuo cha MIT, Marekani. Watafiti wake walitafuta etiketi ya senti 5 za dola. Mwaka 2003, kampuni ya Walmart ikaambia wauzaji wake wakubwa 100 kwamba kufikia Januari 2005 makartoni yao yawe na etiketi hizo. Etiketi ya namna hiyo ni kitu cha elektroniki cha kutumia mara moja na kutupa.

Etiketi yenyewe haina betri. Inapata nguvu katika mawimbi ya mashine inayoisoma. Ndani kuna chipu ndogo sana na antena ya aluminiamu ao shaba, juu ya plastiki. Kwa kawaida, utando wa chuma unabandikwa kwenye plastiki, kisha kemikali inakula sehemu isiyotakiwa. Kartoni ikirudishwa kiwandani kufanywa karatasi mpya, plastiki na chuma hicho vinakuwa uchafu wa kuchujwa.

Sasa kuna njia nyingine. Stora Enso, kampuni ya Finland na Sweden, imetengeneza etiketi ya karatasi isiyo na plastiki. Wengine wanachapa antena kwa wino wenye chuma, ama wanaikata kwa leza, bila kemikali ya kula chuma. Njia nyingine ni kutumia etiketi moja mara nyingi, kwa mfano kwenye makreti yanayorudi kiwandani.

Ila chipu na chuma vinabaki. Lubumbashi iliyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na mpaka leo Katanga inachimbwa. Zile senti 5 zilihesabu kazi ya kiwanda. Hazikuhesabu shimo wala jalala. Anayesema etiketi yake ni safi, tumuulize hayo mawili kwanza.