Uniti 75 na Shawa ya Moto

Kwa miaka mingi taa za Tunduma ziliwaka kwa umeme wa jirani. TANESCO ilinunua kutoka ZESCO ya Zambia umeme usiofika hata megawati kumi, ukagawanywa Sumbawanga, Mbozi na mji huu wa mpakani. Nyumba ya kawaida ya enzi hizo haikumuumiza fundi kichwa: balbu nne za wati 60, redio, labda na pasi. Jumla yake ilikuwa kilowati moja na ushee, na karibu yote ni ya pasi.

Hesabu hiyo ya umeme ambao vifaa huvuta kwa mpigo ina asili ya mbali. Mwaka 1892 mhandisi Mwingereza, John Hopkinson, alitaka mteja alipie pia kilele cha matumizi yake, si umeme alioumaliza tu, kwa kuwa mitambo hununuliwa ili kukidhi kilele. Arthur Wright wa Brighton akaunda kifaa cha kukipima. Huko Chicago, Samuel Insull akaonyesha upande wa pili: katika mtaa mmoja wa nyumba za kupanga, vilele vya wateja vikijumlishwa vilifika kilowati 68.5, lakini wote kwa pamoja hawakuvuta zaidi ya kilowati 20. Huyu anapiga pasi, yule keshalala.

Tanzania imeyachukua mawazo hayo nusunusu. Mteja mkubwa wa daraja la T2 hulipia kilele chake kwa kVA. Mwenye nyumba hulipia uniti tu, na LUKU, mita yake ya malipo ya kabla, haimuulizi amewasha vitu vingapi kwa mpigo. Bei zilizoanza 2014 zilimpa mteja mdogo wa D1 uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Ukizigawa kwa saa 720 unapata wati 104, karibu sawa na balbu moja ya wati 100 isiyozimwa.

Wastani huo unapotosha, na baridi ya nyanda za juu ndiyo inayoufichua. Juni na Julai watu wa Tunduma na Vwawa hawaogi maji ya baridi kwa hiari. Shawa inayochemsha maji papo hapo huvuta hadi wati 5,500, yaani ampia 24 kwa volti 230. Kuoga dakika kumi hakumalizi hata uniti moja. Mwingine akichomeka birika la wati 2,000 jikoni na mwenzake akiwasha pasi ya wati 1,000 chumbani, nyumba imeshavuta ampia 37, na mwisho wa mwezi bado inaweza kuwa ndani ya uniti zake 75.

Kwenye gesti za madereva wa malori hata kanuni ya Chicago hulegea: wageni wanaotaka kuwahi foleni ya mpakani huamka saa ileile na kufungua shawa pamoja.

Vijijini makadirio hufanywa na kifaa chenyewe. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi 2007, umesambaza UMETA, kibao cha "Umeme Tayari" kinachofungwa ukutani bila kusuka nyaya nyumba nzima. Kina nafasi ya taa chache na soketi, basi. Lakini tangu 2024 Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, na jiko la presha la umeme, la wati 1,000 hivi, huwashwa jioni, saa ambazo gridi ya taifa nayo hulemewa zaidi.