Mlimani na Ruvuma: Wasomi Walipojifunza kwa Wapigania Uhuru

Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300. Miaka miwili baadaye, kikundi cha wanafunzi wa Mlimani kilivuka Mto Ruvuma kwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji. Ni nini kilichobadilika katika muda mfupi kiasi hicho?

Azimio la Arusha la 1967 lilichangia, lakini peke yake halitoshi kulieleza badiliko hilo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963, na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi mjini. Mwanafunzi hakuhitaji kusoma habari za ukoloni wa Wareno gazetini. Angeweza kumuuliza aliyepigana nao. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka Uganda, Tanzania, Malawi, Sudan na kwingineko waliunda chama cha wanamapinduzi kilichojulikana kama USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa nao bega kwa bega.

Kwa maoni yangu, mshikamano ule ulikuwa wa kweli kwa sababu msomi alikubali kuwa mwanafunzi wa mpiganaji. Safari ya Msumbiji haikuwa utalii wa kisiasa: Museveni aliifanya msingi wa andiko lake la kitaaluma, akiyapima mawazo ya Fanon kwa yale aliyoyaona vitani. Njia ilipitika pande zote mbili. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alikuwa ameacha kazi ya uhadhiri Marekani ili aongoze vita. Februari 3, 1969 aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Mwaka huohuo wanafunzi walianzisha jarida la Cheche. Septemba 1970 likachapisha toleo maalumu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, na hapo ndipo mwenyeji alipokunja uso. Kumlaani Mreno kulikuwa ruksa. Kumchambua mwajiriwa wa serikali mwenye gari na nyumba ya umma lilikuwa jambo jingine. Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina la jarida, lenye mwangwi wa Iskra ya Lenin, linaashiria itikadi ya kuazima. (Ajabu ya hoja hiyo ni kwamba Nkrumah naye alikuwa na gazeti lenye jina la maana hiyohiyo.)

Wahariri hawakunyamaza, walianzisha MajiMaji chini ya Umoja huohuo wa Vijana. Lakini swali la nani mwenye mshikamano, wananchi au serikali zao, lilirudi Juni 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulipofanyika Ukumbi wa Nkrumah, palepale Mlimani. Wapinzani wa serikali za Karibi walizuiwa kushiriki. C.L.R. James, mmoja wa waliouhangaikia mkutano huo tangu mwanzo, alikataa kuhudhuria.