Muda wa kuonyesha kichocheo

Muda wa kuonyesha kichocheo ni upangaji wa lini hasa, na kwa muda gani, picha au neno litaonekana katika jaribio la kompyuta linalopima kasi ya mwitikio. Vipimo vya kasi hiyo ni vya zamani: Franciscus Donders wa Uholanzi alichapisha vyake mwaka 1868.

Kompyuta haionyeshi picha papo hapo inapoamriwa. Skrini ya Hz 60 hujichora upya kila baada ya milisekunde 16.7, na kichocheo hukaa kwa idadi kamili ya michoro hiyo tu, yaani fremu: fremu 3 ni milisekunde 50, fremu 6 ni 100. Mtafiti anayeandika milisekunde 40 kwenye programu yake anajidanganya. Atapata takriban 33 au 50. Tena, skrini nyingi huchorwa kutoka juu kwenda chini, hivyo alama ya chini huchelewa kidogo. Programu kama PsychoPy na Psychtoolbox husubiri fremu mpya ianze ndipo zihesabu muda. Kibodi nayo ina ucheleweshaji wake.

Ucheleweshaji usiobadilika hauna madhara makubwa pale hali mbili zinapolinganishwa, kama majina ya rangi yanayolingana na wino wake na yasiyolingana katika jaribio la Stroop, kwa kuwa hujifuta katika tofauti ya wastani. Unaoyumba ndio wa kuogopwa, hasa majaribio yakiwa machache. Saa ya programu haitoshi kuthibitisha lolote. Kipimo cha kuaminika ni kihisi-mwanga kinachobandikwa kwenye skrini yenyewe.