Mwandishi, Katibu, Balozi

Ukipita Kaloleni, au Ololo kama vijana wa Eastlands wanavyoiita, ukamwuliza mtu kwao ni wapi, ni nadra akujibu kwamba ni hapa. Amezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, ila kwao ni Siaya, ni Kakamega, ni Machakos. Mtaa ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliokuja Nairobi kufanya kazi, na hata jina lake lina lafudhi ya safarini: kwa Kimijikenda kulola ni kutazama, kwa hiyo kaloleni ni amri, nendeni mkatazame.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya mtu wa namna hii, wala hayafanani. Mhamaji kila kukicha anahama. Mhamiaji amehamia mahali, na tofauti yao nzima imebebwa na irabu moja. Mkimbizi ana kilichomfukuza. Ninayempenda zaidi ni mlowezi. Masomo ya historia yametuzoesha kumwona kama Mzungu mwenye shamba la ngano huko Nyanda za Juu, na hapo neno likanuka. Lakini kulowea ni kukaa ugenini mpaka ukapazoea, kwenu ukakusahau. Walowezi wa aina hiyo wamejaa kando ya Jogoo Road, na hakuna aliye na robo ekari.

Maneno haya hunijia kila ninaposoma habari za Salim Ahmed Salim. Alizaliwa Pemba mwaka 1942. Kufikia 1963 alikuwa mhariri wa gazeti huko Unguja na katibu wa jumuiya ya waandishi wa habari wa Zanzibar. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, akapelekwa Cairo kuwa balozi. Kutoka hapo ni New Delhi, Beijing, kisha New York kwenye Umoja wa Mataifa, muongo mzima, na baadaye Addis Ababa, alikokuwa Katibu Mkuu wa OAU kuanzia 1989 hadi 2001. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita katika miji ya watu. Wanaomwandika husema aliacha uandishi akaingia diplomasia. Kwa lugha nyingine huenda ikawa kweli. Kwa Kiswahili sina hakika.

Katibu, huko Uarabuni neno lilikotoka, ni mtu anayeandika. Ni ndugu wa kitabu na maktaba. Katibu Mkuu basi ni mwandishi mkuu, hata akiwa na walinzi na msafara wa magari. Wazee wa mitaa ya Eastlands hawahitaji kufundishwa haya. Katika vyama vyao vya kusaidiana viongozi ni mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, na huyo mwandishi hajawahi kuandikia gazeti lolote. Yeye ndiye mwenye daftari. Mtu akifariki na mwili ukitakiwa kusafirishwa nyumbani, daftari hufunguliwa mezani, majina upande mmoja, pesa upande wa pili, na mwandishi husoma kwa sauti aliyetoa na ambaye bado. Atakayetangulia na barua kwa wazee wa kijijini mara nyingi ni huyo huyo. Habari zinatoka kwake, na anapofika kule anazungumza kwa niaba ya mtaa. Sasa mwite unavyotaka.

Balozi ametoka mbali zaidi. Wavenisi walikuwa na mwakilishi wao Istanbul aliyeitwa bailo. Waturuki wakalifinyanga jina hilo, Ghuba ikalipokea, pwani yetu ikalimalizia. Tanzania ndiyo iliyolishusha hadi uani. Katika miaka ya 1960 TANU iliweka balozi wa nyumba kumi, na mgeni akilala kwako usiku, asubuhi unampeleka kwake ajulikane. Huo ni ubalozi uliopinduliwa: badala ya kutumwa ugenini, balozi anakaa kwao akimpokea mgeni. Kenya ilipoanzisha mpango wake wa nyumba kumi mwaka 2013, ilichukua nyumba ikaacha balozi. Kwetu neno limebaki la wakubwa, na la chupa ya bia.

Kuna methali kwamba mjumbe hauawi. Balozi ameandikiwa kinga hiyo katika Mkataba wa Vienna wa 1961. Mwandishi wa habari hana chake. Pio Gama Pinto, mwana wa wahamiaji kutoka Goa na mhariri aliyefungwa na wakoloni, aliuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965, akiwa mbunge na nje ya nyumba yake mwenyewe. Nikitafuta mpaka wa kweli kati ya kazi hizi mbili, nauona hapo, katika nani amekutuma na nani atauliza usiporudi.

Salim naye alipigwa, ila kwa karata. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, raundi baada ya raundi, huku China ikimfanyia Kurt Waldheim vivyo hivyo, hadi wote wawili wakajiweka kando na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Turufu ni neno la Kireno la wacheza karata. Pau ikiwa turufu, mbili ya pau inaila ree ya kopa, hata uwe umehesabu vipi. Sijui istilahi ya diplomasia inayosema ukweli wazi kuliko hiyo.

Mwandishi mwingine aliyegeuka balozi, Benjamin Mkapa, aliyewahi kuhariri The Nationalist na Daily News, alikuja Nairobi mwaka 2008 pamoja na Kofi Annan na Graça Machel kutupatanisha baada ya uchaguzi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari. Wasomaji wa taarifa za habari walikuwa na neno safi kwa kilichozaliwa, serikali ya mseto. Mitaani watu walisikiliza, wakaona namna vyeo vilivyogawanywa, wakaiita nusu mkate, na mpaka leo ukisema mseto itabidi ueleze.